MTOTO ALIYEDHANIWA YUMO MSAFARANI

Somo kwa wazazi, walimu na wadhamini wa ubatizo
Fungu la kusoma: Luka 2:41–52



Kabla hamjaendelea na somo hili, tafadhali chukueni Biblia, msome habari ya Yesu alipokuwa na umri wa miaka 12. Msiisome upesi kwa sababu mnaijua. Isomeni polepole, kama mzazi aliye na mtoto wa umri huo nyumbani.

Yusufu na Mariamu walikuwa wazazi wema. Kila mwaka walikwenda Yerusalemu kwa sikukuu ya Pasaka, na mwaka ule mtoto wao alikwenda pamoja nao. Sikukuu ilipokwisha wakashika njia ya kurudi Nazareti. Mtoto hakuwamo, wala wao hawakujua. Walitembea mchana kutwa, kila mmoja akiamini kwamba mtoto yuko mbele na jamaa au nyuma na majirani. Ilipofika jioni ndipo walipomtafuta, wakamkosa, wakarudi mjini. Baada ya siku tatu wakamkuta hekaluni.

Angalieni jambo moja. Mwinjili hasemi kwamba wazazi hawa walikuwa walevi, au wavivu, au kwamba hawakumpenda mtoto wao. Kosa lao lilikuwa dogo: walidhani. Hawakumwuliza mtu, wala hawakugeuka kutazama. Ikiwa jambo hili liliwapata watu wale, waliokabidhiwa Mtoto yule, basi nasi tusijione kuwa tumesalimika.

Somo letu la leo ni hili: vijana wetu wa miaka 12 hadi 18 wanaweza kuwa nyumbani mwetu, shuleni mwetu na hata kanisani mwetu, lakini mioyo yao imekwisha kubaki nyuma siku nyingi. Tunagutuka jioni tu, tunapoona ulevi, mimba, bangi au utoro.

1. MSAFARA WETU WA KILOSA NA MIKUMI

Sisi tunakaa njiani. Mikumi imekaa juu ya barabara kuu itokayo Dar es Salaam kwenda Iringa, Mbeya na hata Zambia. Malori hupita usiku na mchana kati ya Hifadhi ya Taifa iliyoanzishwa mwaka 1964, na madereva wengi hupumzika pale mjini. Pale pale inachepuka njia ya kwenda Kidatu na Ifakara. Kilosa nayo imepitiwa na Reli ya Kati tangu enzi ya Wajerumani, na tangu mwaka 2024 treni ya umeme hupita Kilosa ikienda Dodoma.

Njia ni baraka. Huleta biashara, dawa, barua na wageni wema. Lakini njia haichagui kinachopita. Wazee walisema kwamba asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Kwetu sisi ulimwengu hauko mbali. Huegesha kando ya barabara kila jioni.

Tazameni maisha ya mwanafunzi mmoja wa sekondari. Shule iko mbali na kijiji, kwa hiyo mzazi amempangia chumba mjini, kile ambacho vijana wenyewe hukiita geto. Mtoto wa miaka 15 anajipikia, anajifulia, anajiamsha mwenyewe. Mzazi yuko shambani. Mwisho wa mwezi huleta unga, mafuta na fedha kidogo, kisha hurudi akiamini kwamba mambo ni mema. Unga ukiisha kabla ya mwezi kwisha, nani anajua? Anayejua ni kijana wa bodaboda. Leo humpa lifti, kesho chipsi, keshokutwa simu. Deni halitajwi mpaka siku ya kulilipa.

Matokeo tunayajua. Utafiti wa afya ya jamii wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba kati ya wasichana 100 wa Tanzania wenye umri wa miaka 15 hadi 19, wasichana 22 walikuwa wamekwisha kupata mimba au kuzaa. Uchunguzi wa UKIMWI wa mwaka 2022 na 2023 ulionyesha kwamba watu wazima zaidi ya 4 kati ya 100 wanaishi na virusi. Ongezeni hapo pombe, sigara, bangi, ugomvi wa visu na kamari za simu.

Kila tunapoyaona haya tunakemea, na kukemea kuna mahali pake. Serikali ilipiga marufuku pombe ya viroba tarehe 1 Machi 2017, kwa kuwa bei yake ilikuwa ndogo na hata mwanafunzi aliweza kuificha mfukoni. Ilikuwa hatua njema. Lakini kijana aliyekuwa akinywa kiroba ili asahau jambo fulani, jambo lile halikupigwa marufuku. Alibaki nalo, akatafuta kitu kingine cha kumsahaulisha.

2. MAJI YA MKONDOA

Sisi wa Kilosa tulifundishwa na mto wetu. Mwishoni mwa mwaka 2009 na mwanzoni mwa mwaka 2010 Mto Mkondoa ulifurika, ukabomoa nyumba nyingi na kukata njia ya reli. Watu wengi walihamia kwenye mahema. Je, maji yale yalianzia mjini? La, hasha. Mkondoa hupokea maji ya Kinyasungwe, yanayotoka Dodoma na kupita Mpwapwa. Mvua ilinyesha mbali, milima iliyokatwa miti haikuizuia, na sisi tukayaona maji yalipokwisha kuingia mlangoni.

Mienendo ya hatari ya vijana ndiyo hayo maji ya mlangoni. Chanzo chake mara nyingi kiko mbali zaidi, katika hali ya moyo na ya nyumbani.

Wataalamu wamelichunguza jambo hili. Nchini Marekani mwaka 1998 madaktari Felitti na Anda, pamoja na wenzao, walitoa matokeo ya kuwauliza maelfu ya watu wazima juu ya utoto wao. Je, ulipigwa? Ulitukanwa na kudharauliwa? Ulitendwa ukatili wa kingono? Mama yako alipigwa mbele yako? Nyumbani alikuwako mlevi, mgonjwa wa akili, au mtu aliyefungwa gerezani? Kisha wakalinganisha majibu hayo na afya zao. Waliokuwa wamepatwa na aina 4 au zaidi za mateso hayo, hatari yao ya ulevi, madawa ya kulevya, huzuni kuu na kujaribu kujiua ilikuwa mara 4 hadi 12 ya wale ambao hawakupatwa na hata moja. Uvutaji wa sigara na magonjwa ya zinaa pia vilikuwa zaidi.

Tusidhani kwamba hayo ni mambo ya Marekani tu. Mwaka 2009 uchunguzi wa ukatili dhidi ya watoto ulifanyika Tanzania, na matokeo yake yakatolewa mwaka 2011. Karibu wasichana 3 kati ya 10, na mvulana 1 hivi kati ya 7, walisema walitendwa ukatili wa kingono kabla ya kutimiza miaka 18. Karibu robo tatu ya vijana, wa kike na wa kiume, walikuwa wamepatwa na ukatili wa kupigwa na kuumizwa mwilini. Shirika la Afya Duniani nalo linaeleza kwamba kati ya vijana 7 wa umri wa miaka 10 hadi 19 duniani, kijana 1 ana maradhi ya akili ya namna fulani; na wengi wao hawatambuliwi wala kutibiwa. Hesabuni darasa moja la kipaimara lenye vijana 28. Huenda 4 kati yao wanaumwa, nasi tunawaambia wakariri Amri Kumi kwa sauti.

Hata hivyo lazima tuseme kweli yote. Si kila kijana mwenye uchungu huangukia pombe. Wengi husimama imara kwa neema ya Mungu. Wala si kila kijana anayekosea ana uchungu. Umri wenyewe una joto lake: ubongo wa mwanadamu hukomaa mpaka kupita miaka 20, na sehemu inayopima matokeo huchelewa kuliko ile inayotamani raha na msisimko. Rafiki naye ana nguvu kubwa. Lakini kijana mwenye afya ya moyo akijaribu ubaya, mara nyingi hurudi haraka, maana ana mahali pa kurudi. Asiye na mahali pa kurudi huendelea mbele.

3. KIJANA NILIYEMPIGA

Sipendi kujisema, lakini somo hili ningeliandika kwa unafiki kama ningeficha lifuatalo.

Mwaka 1994 nilikuwa nafundisha darasa la saba katika shule moja ya msingi. Darasa lilikuwa na watoto zaidi ya 90. Alikuwamo mvulana wa miaka 15, mwenye akili ya hesabu kuliko wenzake. Muhula wa pili alianza kuchelewa. Kisha akawa analala darasani. Kisha siku moja alikuja ananuka pombe ya kienyeji. Nilimtoa mstarini, nikamchapa mbele ya shule nzima ili iwe fundisho. Wiki iliyofuata alirudia, nami nikarudia. Hakulia, wala hakujitetea. Baada ya siku ile hakuja tena. Nikaandika "mtoro" katika kitabu cha mahudhurio, nikaendelea na wengine.

Miezi kadhaa baadaye nilimkuta barabarani akiosha lori; alikuwa amekwisha kuwa utingo. Alinisalimu kwa heshima, "Shikamoo, Mwalimu." Nikamwuliza kwa nini aliacha shule. Ndipo aliponieleza. Mama yake alikuwa mgonjwa mwaka ule wote, kwa ugonjwa ambao siku zile watu waliogopa kuutaja. Baba hakuwapo. Yeye ndiye aliyekuwa mkubwa, na usiku alikuwa akimgeuza mama kitandani na kumnywesha uji. Alfajiri alimchotea maji jirani aliyekuwa akipika pombe, ili apate senti za unga. Jirani alipokuwa hana senti, alimlipa kwa pombe, naye aliinywa kwa sababu ilimfanya asisikie njaa mpaka mchana. Mama alikuwa amekwisha kufa.

Nilikosa la kusema. Nikamwambia, "Mbona hukuniambia?"

Akajibu taratibu, bila hasira, "Hukuniuliza, Mwalimu. Ungeniuliza ningekuambia."

Lori likaondoka naye. Nimefundisha miaka mingi, na chuoni nilisomeshwa saikolojia ya mtoto na kufaulu mtihani wake. Lakini sentensi ile ndiyo somo nililolielewa kwa kuchelewa kuliko yote. Mimi nilishughulika na harufu ya pombe. Sikushughulika na mtoto. Nilidhani yumo msafarani kwa sababu jina lake lilikuwamo kitabuni.

4. ZAMANI MTOTO ALIKUWA NA MTU

Wazee wetu hawakuwa na hesabu za wataalamu, lakini walilijua jambo moja. Mtoto anayeingia utu uzima hahitaji kuchungwa na kila mtu. Anahitaji kuwa na mtu. Wakaguru, Wasagara, Wavidunda na Waluguru hufuata ukoo wa mama, na kwao mjomba alikuwa na neno kubwa kwa mpwa wake. Mvulana aliyegombana na baba alikuwa na mahali pa kukimbilia. Msichana alipovunja ungo aliwekwa ndani, akafundishwa na bibi na wanawake wazima mambo ya mwili wake, usafi na heshima. Mambo ambayo mama aliona haya kuyasema, bibi aliyasema wazi, na mjukuu alimwuliza bibi bila hofu.

Sisemi kwamba yote yalikuwa mema. Mafundisho mengine yalimrudisha msichana nyumbani akijiona yu tayari kwa mume, hali yu mtoto bado. Hayo tuyaache. Lakini tulipoyaacha mabaya, tuliacha pia lile jema, wala hatukuweka lingine mahali pake. Mjomba yuko Dar es Salaam. Bibi yuko kijijini, mjukuu yuko geto. Baba anasema, "Hayo atafundishwa shuleni." Mwalimu anasema, "Malezi ni kazi ya wazazi." Kasisi anasema, "Mlete kipaimara." Kila mmoja anadhani mtoto yuko kwa mwenzake, kama vile safarini Nazareti.

Je, Kanisa halina dawa? Tunayo, tena ya zamani, tumeisahau tu. Kwa desturi ya Kitabu cha Sala, mtoto wa kiume huletwa kisimani na wadhamini wawili wa kiume na mmoja wa kike, na mtoto wa kike huletwa na wawili wa kike na mmoja wa kiume. Wadhamini hao huahidi kwa niaba ya mtoto mbele za Mungu na kanisa, na huagizwa wahakikishe kwamba anafundishwa na kulelewa katika maisha ya Kikristo. Hawakuwekwa kwa ajili ya picha na pilau. Hao ndio wajomba na mabibi ambao Kanisa limempa kila mtoto, awe na ndugu au asiwe nao.

Ndugu msomaji, wewe ni mdhamini wa nani? Mtoto huyo sasa ana miaka mingapi? Mara ya mwisho kuzungumza naye peke yake ilikuwa lini?

5. MAMBO YA KUFANYA

Mwaka 1997 wataalamu wa Marekani, wakiongozwa na Michael Resnick, walitoa matokeo ya kuwahoji vijana wapatao 12,000. Walitafuta ni kitu gani kinachowakinga vijana. Waliona kwamba kijana anayejisikia kupendwa na kuwa karibu na wazazi wake, na anayejisikia kuwa ni mmoja wa shule yake, alikuwa na kinga karibu katika kila hatari waliyoipima: huzuni, kutaka kujiua, ugomvi, sigara, pombe, bangi na kuanza kujamiiana mapema. Kinga hiyo hainunuliwi dukani. Basi tufanyeje?

(a) Anza na mwili. Someni 1 Wafalme 19. Elia alichoka, akakaa chini ya mretemu akaomba afe. Mungu hakumtumia kwanza hotuba. Alimtuma malaika na mkate na maji. Elia akala, akalala, akaamshwa, akala tena. Baadaye sana ndipo Mungu alipomwuliza anafanya nini pale. Kijana wa umri huu anahitaji kulala saa 8 hadi 10. Asiyekula tangu jana hawezi kusikia mahubiri. Mzazi, ujue mtoto wako anakula nini kule alikopanga. Kamati za shule, chakula cha mchana si anasa; ni ulinzi.

(b) Jiulize maswali matatu. Tangu mwaka 2003 Shirika la Afya Duniani limekuwa likiendesha uchunguzi wa afya ya wanafunzi katika nchi nyingi. Kwetu ulifanyika Dar es Salaam mwaka 2006 na kitaifa mwaka 2014. Miongoni mwa mambo wanayoulizwa wanafunzi ni haya: Je, wazazi wako huangalia kama umefanya kazi ulizopewa shuleni? Wanaelewa shida na wasiwasi wako? Wanajua kwa kweli unachofanya wakati wako wa mapumziko? Mzazi, usisubiri mtoto aulizwe na mgeni. Jijibu mwenyewe.

(c) Uliza kabla ya kukanya. Ukimwambia kijana, "Umefanya nini tena?" umefunga mlango. Mwambie, "Naona siku hizi umekuwa kimya. Kuna nini, mwanangu?" Kisha nyamaza. Kijana hasemi siku ya kwanza. Wengi huona vigumu kusema wakitazamwa usoni. Husema huku mnachambua mboga, mnapalilia, au mnatembea kutoka kanisani. Wavulana hasa tumewafundisha kwamba mwanamume halii, nao hulia kwa njia nyingine: kwa ngumi na kwa chupa.

(d) Mkae pamoja. Huko Aislandi, mwaka 1998, vijana 42 kati ya 100 wa miaka 15 na 16 walisema walilewa katika mwezi uliotangulia. Wazazi, shule na serikali wakapatana: watoto wawe nyumbani saa za usiku, wazazi wakae nao zaidi, na michezo na muziki vifikie kila mtoto. Mwaka 2016 walikuwa 5 tu kati ya 100. Sisi hatuna fedha za Aislandi. Lakini tuna uwanja wa mpira, tuna kwaya, na tuna jioni. Mitaa yetu ikipatana juu ya saa ya mtoto kuwa nyumbani, na wenye maduka ya pombe wakikumbushwa kwamba hawana ruhusa ya kumwuzia mtoto, ni mwanzo mwema.

(e) Zijue dalili. Dalili ya mvua ni mawingu. Kijana akiacha marafiki zake, akikosa usingizi au kulala kupita kiasi, akishuka ghafula masomoni, akiwa na vitu vipya visivyoelezeka, au akisema kwamba afadhali asingezaliwa, usimcheke wala usimwambie ana pepo. Mwulize wazi kama anafikiri kujiua. Kuuliza hakumpi wazo hilo, bali humfungulia njia ya kusema. Usimwache peke yake. Mpeleke hospitali, maradhi ya akili yanatibika kama maradhi mengine.

(f) Usifiche uovu. Mtoto akitendwa ukatili wa kingono, apelekwe hospitali mara moja, kabla ya saa 72 kupita, maana ziko dawa za kumkinga na virusi vya UKIMWI. Habari ifikishwe kwenye Dawati la Jinsia na Watoto la polisi na kwa afisa ustawi wa jamii. Simu ya bure ya msaada kwa watoto ni 116. Kumalizana kifamilia kwa mbuzi na fedha ni kumuuza mtoto mara ya pili. Mficha maradhi, kifo humuumbua.

(g) Mlango wa kurudi uwe wazi. Tangu Novemba 2021 serikali iliruhusu wasichana walioacha shule kwa sababu ya mimba warudi kusoma. Kanisa lisiwe gumu kuliko shule. Msichana aliyejifungua akikaa benchi la nyuma, mama mmoja wa Umoja wa Mama na akakae karibu naye.

6. KISHA WAKAMKUTA

Turudi kwa Luka. Yusufu na Mariamu walipomkuta mtoto, alikuwa amekaa kati ya walimu, akiwasikiliza na kuwauliza; nao walimsikiliza na kustaajabia majibu yake. Mama yake hakuanza kwa fimbo. Alimwuliza kwa nini amewatenda hivyo, akamwambia jinsi alivyohuzunika kwa kumtafuta. Mtoto akajibu. Wazazi hawakuelewa jibu lake. Hata hivyo mama aliyaweka maneno hayo moyoni. Nao wakarudi pamoja nyumbani, akawatii.

Yako hapo mambo yote tunayoyahitaji. Mzazi akubali kugeuka na kurudi, hata kama ni mwendo wa siku tatu. Aulize. Aseme wazi uchungu wake. Asikilize hata asipoelewa. Kisha Luka anafunga kwa kutuonyesha kijana mwenye hali njema ni wa namna gani: alikua katika hekima, katika kimo, katika kumpendeza Mungu na katika kuwapendeza watu. Ni akili, mwili, roho na jamaa kwa pamoja. Tukishughulika na moja tu tukaacha matatu, mtoto hukua upande.

Yule mvulana wangu sasa ni mtu mzima wa miaka arobaini na kitu, ikiwa yu hai. Sikumwona tena. Kila nionapo lori limesimama Mikumi, humtazama utingo. Siwezi kurudi kwa yule. Lakini naweza kurudi kwa mwingine, na wewe pia waweza. Jumapili hii, baada ya ibada, mtafute kijana mmoja uliyemdhamini. Mwulize hali yake, kisha ungoje jibu.

MASWALI YA KUJADILIANA

1. Katika Luka 2:44, kwa nini wazazi hawakugundua mapema kwamba mtoto hayupo? Mambo gani siku hizi hutufanya nasi tusigundue?

2. Ni wanafunzi wangapi wa mtaa wetu wamepanga vyumba mbali na wazazi wao? Nani huwatembelea?

3. Someni Wakolosai 3:21. Ni maneno na matendo gani ya wazazi na walimu yanayowavunja vijana moyo?

4. Je, mtaa wetu una orodha ya watoto waliobatizwa miaka 12 hadi 18 iliyopita, pamoja na majina ya wadhamini wao? Nani ataiandika, na lini?

5. (Kwa vijana wenyewe.) Ukiwa na jambo zito, ni mtu mzima yupi unayeweza kumwendea? Kama hayupo, ungependa awe mtu wa namna gani?

SALA

Ee Bwana Yesu, uliyekuwa kijana Nazareti, ukatafutwa kwa machozi na kupatikana, uwaangalie vijana wetu wa Kilosa na Mikumi, walio nyumbani, shuleni na kando ya barabara. Utusamehe sisi tuliopiga kabla ya kuuliza. Utupe masikio ya kusikia, na miguu ya kurudi kuwatafuta, hata tuwarudishe wote nyumbani kwa Baba yako. Amina.

Mwalimu Mstaafu,
Kilosa